Mzazi na mtoto katika daftari moja la Kiingereza

Kwa mtaala ulioanza kutumika Januari 2024, watoto wa Tanzania wanaanza kusoma Kiingereza wakiwa darasa la kwanza, ingawa masomo mengine katika shule nyingi za serikali yanaendelea kufundishwa kwa Kiswahili mpaka mwisho wa elimu ya msingi. Kazi za nyumbani za somo hilo zinawafikia wazazi ambao wengi wao waliishia kwenye Kiingereza cha kuombea maji, na wapo wanaoamua kujifunza upya pamoja na watoto wao. Naunga mkono uamuzi huo, lakini si kwa namna yoyote ile unavyotekelezwa.

Husemwa kwamba mtoto hushika lugha upesi na mtu mzima amekwisha kuchelewa. Mwaka 1978 watafiti Catherine Snow na Marian Hoefnagel-Höhle walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wazungumzaji wa Kiingereza waliohamia Uholanzi na kujifunza Kiholanzi huko, na katika miezi ya mwanzo vijana na watu wazima ndio waliotangulia. Watoto wale walijongea baadaye kwa sababu lugha mpya iliwazunguka kila mahali. Mtoto wa Sikonge au Newala hana bahati hiyo, kwani Kiingereza anakisikia katika vipindi vichache tu. Hali yake inakaribia zaidi ile ya shule za Barcelona, ambako mtafiti Carmen Muñoz na wenzake walibaini kwamba walioanza Kiingereza wakiwa wakubwa walipiga hatua zaidi kwa saa zilezile za masomo. Kwa hiyo mzazi anayefungua kitabu leo huenda akamwacha mwanawe nyuma, hasa katika sarufi.

Hapo ndipo faida na hatari zinapokutana. Mzazi aliyeelewa kanuni anaweza kuifafanua kwa Kiswahili chepesi, jambo ambalo mwalimu mwenye darasa lililofurika hapati nafasi ya kumfanyia kila mwanafunzi. Lakini mtoto wa miaka saba hajifunzi kwa kanuni. Anahitaji kusikia, kuimba na kurudia. Mzazi asiyelitambua hilo huishia kumkaripia, au kumnyang'anya kalamu na kuifanya kazi mwenyewe.

Wapinzani wanaogopa pia matamshi. Kiswahili kina irabu tano, Kiingereza kina nyingi zaidi, na mtoto asiye na mtu mwingine wa kuzungumza naye ataiga makosa ya mama yake. Hofu hii ni ya kweli, ila inapungua iwapo wote wawili wanasikiliza sauti zilizorekodiwa na kuziiga pamoja. Kwangu mimi, kimya ni kibaya zaidi ya lafudhi. Wanafunzi wetu wengi wanafika sekondari, ambako masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza, wakiogopa kufungua mdomo wasije wakachekwa. Mtoto aliyemwona baba yake akikosea, akasahihishwa na akaendelea kusema bila kufedheheka, amepata kitu ambacho tuisheni haiuzi.

Hoja nzito kuliko zote dhidi ya mpango huu inahusu lugha ya nyumbani. Zipo familia zinazopiga marufuku Kiswahili, au Kisukuma na Kihaya, ili Kiingereza kizoeleke, na matokeo yake mazungumzo yanabaki ya kuamrisha na kusalimiana kwa sababu mzazi hana maneno ya kuhadithia, kuonya wala kufariji. Mtoto anapoteza fikra pana alizokuwa akizipata katika lugha anayoimudu mzazi, na fikra hizo ndizo angezitegemea hata akisoma kwa Kiingereza. Hapa nawaunga mkono wapinzani bila kusita: nusu saa ya Kiingereza jioni inatosha, kisha nyumba irudi kwenye lugha yake.

Hata nusu saa hiyo si nyepesi kwa mama anayerudi kutoka gengeni usiku na bado ana chakula cha kupika. Shule inaweza kumpunguzia mzigo kwa kugawa, kwenye mkutano wa wazazi mwanzoni mwa muhula, orodha ya maneno na nyimbo zitakazofundishwa pamoja na maelezo yake kwa Kiswahili, ili asilazimike kukisia mwalimu anataka nini.