Upanga: tunazibomoa nyumba zilizojua upepo

Kila nyumba ya ghorofa mbili inapoangushwa Upanga, Dar es Salaam, kupisha mnara wa ghorofa nyingi, jibu huwa ni lile lile: ardhi haitoshi. Si jibu la kubezwa. Sensa ya 1957 ilihesabu Dar es Salaam watu wasiofika 130,000. Ya 2022 ikakuta zaidi ya milioni 5.3. Wapo pia wanaouliza, na wana haki, kwa nini tuzililie nyumba za mji uliogawanywa na wakoloni kwa rangi za watu: Wazungu Oysterbay, Wahindi Upanga, Waafrika Kariakoo.

Lakini nyumba hizi huhukumiwa kwa umri na rangi iliyobanduka, mara chache kwa kazi yake. Waliozichora miaka ya 1950 na 1960, akiwemo Anthony Almeida, mzaliwa wa hapa hapa Dar, walianza na jua na upepo. Jengo jembamba, madirisha pande mbili, matofali ya matundu kwenye ngazi, mbavu za zege za kukata jua, sakafu ya terazo isiyoshika joto. Hata makochi yalifuata akili hiyo: fremu ya mninga iliyo wazi chini na ubavuni, mito ya kuvua na kufua, na fundi wa Keko anaweza kuyafufua leo. Sasa panda mnara wa vioo unaotazama magharibi, saa kumi jioni, umeme umekatika. Umeme ukirudi, kiyoyozi kinakula uniti za LUKU mpaka usiku.

Na hoja ya ukoloni haifiki mbali. Soko la Kariakoo, lenye miavuli ya zege, lilichorwa na Beda Amuli, Mtanzania, miaka ya mwanzo ya 1970, kwa fikra hiyo hiyo. Lilipoungua Julai 2021 lilikarabatiwa, halikufutwa.

Kinachonikera zaidi ni mwaka mmoja: 1863. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka huo. Mengine yote husubiri waziri ayatangaze. Dar es Salaam yenyewe Sultani Majid aliianza miaka hiyo hiyo ya 1860. Kwa hiyo jiji karibu zima, achilia mbali nyumba ya 1958, limezaliwa limechelewa.

Sisemi tulinde kila ukuta. Mabomba mengine yameoza, na familia zinahitaji pa kuishi. Ila nyingi za nyumba zilizotaifishwa 1971 zilikwenda kwa Msajili wa Majumba, na tangu 1990 ziko Shirika la Nyumba la Taifa, yaani ni zetu. Shirika lingeweza kubakiza mtaa mmoja mzima wa Upanga wenye wapangaji ndani, na kwa zinazobomolewa, wasanifu wa minara wakalazimishwa kupima na kuchora madirisha ya nyumba hizo kwanza.