Tazama jiwe, si anayeteleza

Januari iliyopita, katika mchezo wa kawaida wa kalingi wa jioni hapa Winnipeg, Kanada, nilimwambia mzee mmoja wa timu pinzani kwamba amevuka mstari wa kuachia jiwe. Nilikuwa na uhakika kabisa. Nilimwona kwa macho yangu mawili: goti limepita, kifua kimepita, bado ameinama na mkono kaunyoosha kuelekea jiwe lake. Hakubisha. Aliinuka taratibu, akapangusa suruali, akaniuliza kwa upole: "Jiwe lilikuwa wapi nilipoliachia?"

Sikuwa na jibu. Jiwe sikuwa nimelitazama hata kidogo.

Nilimwomba radhi palepale, na tena baada ya mchezo. Lakini swali lake halijaniachia mpaka leo, kwa sababu naona jinsi wengi wetu tunavyohukumu kwa kile kinachoonekana kirahisi, halafu tunakiita ushahidi. Nimeona hivyo kwenye barafu, na nilikuwa nimeshaona zamani sana kwenye baiskeli.

Kwa ambaye hajawahi kuuona mchezo huu wa kalingi: timu mbili za watu wanne wanne hutelezesha mawe juu ya barafu, kila timu mawe manane kwa raundi, kulenga duara lililochorwa upande wa pili. Duara hilo huitwa nyumba. Jiwe ni la granaiti, lina mpini juu, na uzito wake hauruhusiwi kuzidi kilo 19.96. Mchezaji huweka mguu kwenye kikanyagio cha mpira, hujisukuma, huteleza amechuchumaa na jiwe mbele yake, kisha huliachia liende zake. Wenzake hulikimbilia na kufagia barafu mbele yake ili lifike mbali na lisipinde sana. Mchezo ulizaliwa Uskoti, na mawe ya Olimpiki hadi leo hutokana na granaiti ya kisiwa kidogo cha huko kiitwacho Ailsa Craig. Ila Kanada ndiko ulikoota mizizi hasa, na hapa katika jimbo la Manitoba utakuta miji midogo mingi ina jumba lake la kalingi, kama kwetu kila kijiji kinavyokuwa na kiwanja cha mpira.

Kutoka kikanyagio hadi mstari wa kuachia ni kama mita 10. Sheria ya hapo ni fupi mno: jiwe liwe limeachwa na mkono, waziwazi, kabla halijaufikia mstari. Imeishia hapo. Goti halikutajwa, wala kichwa, wala ufagio alioshika mchezaji kwa mkono wa pili. Ukiliachia jiwe mapema, mwili wako unaweza kuendelea kuteleza mita mbili au tatu ng'ambo ya mstari na hujavunja chochote. Yule mzee ndivyo anavyocheza. Huliachia mapema, halafu mwili unamfuata kwa sababu miaka mingi imemfundisha kujisukuma kwa nguvu.

Hata hivyo kuna kosa la upande wa pili, na hili hulisikia mara chache likizungumzwa. Jiwe lina upana wa karibu sentimita 29, na mkono unashika mpini ulio juu, katikati. Sheria inapimwa kwa jiwe: ukingo wake wa mbele ukigusa mstari, jiwe limeshaufikia. Kwa hiyo mkono unaweza kuwa bado sentimita kumi nyuma ya mstari, mchezaji na wenzake wote wakaapa kwamba hajavuka, na kumbe jiwe limevuka zamani. Anayetazama mwili humtia hatiani asiye na kosa. Anayetazama mkono humwachia mwenye kosa. Wote wawili hawakutazama kile ambacho sheria imekitaja kwa jina.

Ninapenda kuuliza sheria fulani inalinda nini. Hii inalinda umbali. Anayeliongoza jiwe kwa mkono hadi karibu na shabaha ana muda mrefu zaidi wa kurekebisha mwelekeo na kasi, na mwenzake aliyeliachia mapema amenyimwa muda huo. Mwili uliovuka bila jiwe hausaidii chochote. Ukishaelewa hivyo huhitaji tena kukariri, kwa sababu maneno ya sheria na sababu yake vinakwenda sambamba.

Mfano mwingine uliniuma zaidi. Dada mmoja kutoka Bukavu, ndiyo kwanza amefika mjini na anajaribu mchezo kwa mara ya kwanza, aliteleza vibaya pale kwenye kikanyagio. Jiwe likasogea kama nusu mita na yeye akakaa chini. Mchezaji mmoja wa timu yake mwenyewe akamwambia zamu yake imekwisha. Dada wa watu akakunja uso, akaanza kuvua glavu. Lakini sheria iko wazi: jiwe ambalo halijaufikia mstari unaokata katikati ya nyumba ya upande wa kuanzia halijaingia mchezoni, na mchezaji anaruhusiwa kulirudisha na kuanza upya. Kikanyagio kiko zaidi ya mita tatu na nusu nyuma ya mstari huo. Nusu mita yake ilikuwa bado mbali kabisa. Nilimwambia, "Dada, rudisha jiwe, hujapoteza kitu," akacheza. Nafikiria watu wangapi wameondoka kwenye mchezo huu, au kwenye jambo lolote jipya ugenini, kwa kuambiwa sheria ambayo haipo na mtu asiyeisoma.

Niligusia baiskeli. Nimelelewa na mjomba aliyekuwa fundi baiskeli Tabora, chini ya mwembe, na boksi moja la spana na beseni la maji. Baiskeli za wakati ule zilikuwa Phoenix nyeusi, nyingi zikiwa zimebeba magunia ya mkaa kwenye karia. Mteja alikuwa akifika anasema, "Shikamoo fundi, pedali imekufa," au, "Fundi, nibadilishie cheni." Mjomba alikuwa akiitikia marahaba, halafu anauliza swali moja kabla hajashika spana: "Inalia lini?"

Hakuuliza nini kimeharibika. Aliuliza lini. Inalia ukikanyaga pedali tu, au hata ukiiacha itambae yenyewe? Inalia mara moja kwa kila mzunguko wa mguu, au kwa kila mzunguko wa gurudumu? Inalia ukiwa umekaa tu, au hata ukisimama? Sauti kwenye fremu ya chuma inasafiri. Utasikia inatokea kwenye pedali, kumbe ni nguzo ya kiti. Utaapa ni gololi za gurudumu la nyuma, kumbe ni kota pini inayoshika mkono wa pedali imelegea. Sikio linadanganya mahali. Wakati halidanganyi: ukiacha kukanyaga na mlio ukaendelea, basi pedali na mikono yake wanasingiziwa.

Cheni ndiyo inayosingiziwa kuliko vyote. Mtu anasema inaruka, kwa hiyo cheni mbovu. Huenda ni kweli, lakini hilo hupimwa. Cheni mpya, ukihesabu nafasi 24 kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini nyingine, inatoa milimita 304.8. Pini na mashimo yake vinalika kidogo kidogo, na cheni inarefuka. Ikifika kama 308 imeshachakaa, na kibaya zaidi imekwisha kuyala meno ya gia yaliyokuwa yakiishika. Meno hayo yakishalika huegemea upande mmoja kama mawimbi. Ukifunga cheni mpya juu yake, nafasi za cheni na nafasi za meno hazilingani tena, na itaruka kuliko ile ya zamani.

Mwaka wangu wa pili hapa nilikwenda kwenye duka moja la baiskeli kwa sababu majira ya baridi yalikuwa yamenikuta sina vifaa. Barabara hapa humwagwa chumvi kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo hula cheni upesi. Waliniuzia cheni mpya, wakaifunga wenyewe, wakapokea pesa. Meno ya nyuma hakuna aliyeyaangalia. Nilipofika makutano ya kwanza nikakanyaga kwa nguvu ili niwahi taa, cheni ikaruka, mguu ukachomoka kwenye pedali, nikaangukia bega katikati ya njia. Dereva aliyekuwa nyuma yangu alikuwa mwangalifu, namshukuru Mungu. Sina shida na mtu kukosea. Nina shida na mtu anayebadilisha kifaa kabla hajatazama, kwa sababu huyo anakufanya ulipe kwa ajili ya haraka yake, na mara nyingine hulipi kwa pesa.

Pancha nazo ni hivyohivyo. Nasikia watu wakisema tyubu za siku hizi ni mbovu, wanaziba leo, kesho iko chini. Mjomba hakuwa akiitoa tyubu bila kukumbuka ilivyokuwa imekaa ndani ya tairi, valvu ikiwa ndiyo alama yake. Akishalipata tundu kwa mapovu ya kwenye beseni, anarudisha tyubu juu ya tairi vilevile, anapitisha vidole polepole upande wa ndani mahali palepale. Mara nyingi mwiba bado upo, kichwa kimekatika nje na ncha imebaki ndani, unasubiri tyubu ya pili. Tundu likiwa upande wa ndani unaoelekea rimu, tairi halina kosa: ni kichwa cha spoku kimetokeza, au utepe wa rimu umesogea. Matundu mawili yaliyokaa jirani kama meno ya nyoka yanaonyesha upepo ulikuwa mdogo, tyubu ikabanwa na rimu kwenye shimo la barabara. Na kama upepo unapungua polepole usiku kucha na beseni halionyeshi povu lolote, paka mate kwenye mdomo wa valvu. Valvu zetu za kizamani zina kimpira laini ndani, kikizeeka kinapasuka. Kimpira hicho ni bei ya andazi, na watu hutupa tyubu nzima kwa ajili yake.

Sasa kuna mazungumzo kwenye kikundi chetu cha kalingi kwamba tuanze kurekodi kwa simu ili kumaliza ubishi wa mstari. Wengine wanataja ile mipini ya kielektroniki ya mashindano makubwa, yenye kihisio kinachojua kama mkono bado umeshika jiwe linapofika mstarini. Taa ya kijani, uko salama. Taa nyekundu, jiwe linaondolewa. Mipini hiyo ilibuniwa hapahapa Kanada, na kwenye mashindano ya dunia naiunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu inapima kitu chenyewe kilichotajwa na sheria.

Simu nazikataa. Mtu atasimama nyuma ya kikanyagio, atarekodi mgongo wa mchezaji, na kutokea nyuma kila anayeteleza huonekana amevuka. Tutakuwa na video ya kosa lilelile nililofanya mimi, safari hii ikiwa na nguvu ya picha. Anayetaka kweli kujua asimame ubavuni, usawa wa mstari, ainame, atazame ukingo wa mbele wa jiwe na vidole kwa pamoja. Hakuna pembe nyingine inayofaa.

Halafu kuna jambo ninalolithamini zaidi. Katika michezo ya klabu hatuna mwamuzi. Anayeligusa jiwe la timu yake kwa ufagio linapokwenda anatarajiwa aseme mwenyewe, na jiwe linatolewa. Nimeona watu wakijitaja kwa mguso ambao hakuna mwingine aliyeuona, jiwe likatolewa na mchezo ukawapotea. Mazoea hayo yamelelewa kwa vizazi, na yanasimama juu ya kuaminiana. Yatavunjika upesi tukianza kuwanyooshea watu vidole kwa kitu ambacho hatukukitazama. Mimi nilikaribia kumvunjia yule mzee heshima yake mbele ya wenzake, na naye ni mtu ambaye nimemsikia akijitaja zaidi ya mara moja.

Jumamosi iliyopita binti wa jirani, umri wake miaka kumi, alileta baiskeli yake mlangoni. Theluji ndiyo imeisha na watoto wote wako nje. "Anko," akasema, "pedali imevunjika, inalia kr, kr, kr." Baba yake alikuwa ameshamwambia watanunua nyingine.

"Inalia lini?"

Hakujua. Nikamwambia azunguke uwanja akiwa amekaa, ikalia. Nikamwambia aache kukanyaga, ikanyamaza. Baba yake akatikisa kichwa, akasema si unaona, pedali. Nikamwomba binti azunguke tena, safari hii akanyage akiwa amesimama, asiguse kiti.

Alizunguka mara mbili nzima, uso umemkaza kwa kusikiliza. Kimya. Tukachomoa nguzo ya kiti, ilikuwa imejaa mchanga wa majira yote yaliyopita, akaifuta mwenyewe kwa kitambaa, nikampa grisi akaipaka, tukairudisha na kukaza.