Tangazo la saa moja na nusu

Hapa Québec, jimbo la Kanada ninakoishi na familia yangu, sheria ya kumlinda mlaji inakataza matangazo ya biashara yanayowalenga watoto walio chini ya umri wa miaka 13. Katazo hilo lilianza kutumika mwaka 1980, na kampuni ya midoli ya Irwin Toy ilipolipinga mahakamani kwa hoja ya uhuru wa kujieleza, Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua mwaka 1989 kwamba katazo libaki. Nilipozisoma habari hizo nilifarijika sana, kwa kuwa niliona nimekuja kulea mahali ambapo mtoto hageuzwi kuwa mteja. Sheria hiyo naiheshimu mpaka leo, lakini binti yangu wa miaka sita amenionyesha pengo lake.

Alitazama filamu ya katuni ya farasi wadogo wa rangi mbalimbali, akacheka, akaimba na mwishoni akalia. Jumamosi iliyofuata tulipopita dukani alisimama mbele ya rafu na kumtaja kila farasi kwa jina. Alichukua sanduku moja, akaligeuza, akaona nyuma yake picha za wenzake wote ambao hatukuwa nao. Hakusema kwamba anawataka. Aliniambia kwa huzuni kuwa huyu tukimchukua peke yake atawakosa rafiki zake. Huo haukuwa ulafi wa mtoto, bali lilikuwa somo la filamu yenyewe kwamba marafiki hawaachani, na somo zuri namna hiyo ndilo lililotumika kumfikisha kwenye rafu. Masanduku na rafu za dukani sheria inayaruhusu kwa masharti, na filamu nzima haihesabiwi kuwa tangazo.

Wazazi wengi hudhani kwamba hadithi hutangulia na midoli hufuata, kumbe mara nyingi ni kinyume chake. Mwaka 1984 kampuni ya Hasbro ya Marekani ilichukua midoli iliyokwisha kutengenezwa na Takara ya Japani, ikaipa majina mapya na kuitungia hadithi, ndipo dunia ikapata Transformers, yaani roboti zinazojigeuza kuwa magari. Katika filamu yao ya mwaka 1986 kiongozi wao, Optimus Prime, aliuawa kwa sababu midoli ya awali ilikuwa inaondolewa madukani ili kupisha mipya. Watoto waliomlilia hawakujua kwamba kifo chake kilipangwa kwa mahitaji ya soko. Sisemi kwamba filamu zote za aina hii ni mbovu, maana ile ya Lego, matofali madogo ya kuchezea, ya mwaka 2014 imetengenezwa kwa ustadi ambao hata mimi niliufurahia, ila ustadi huo ndio unaomfanya mzazi asahau kuuliza ni nani mwenye hadithi.

Mwaka jana tulikwenda Tanga, na mtoto wa kaka yangu alikuwa akiunda gari la waya uani kwa bibi. Magurudumu aliyakata kwa kisu kutoka kwenye ndala zilizochakaa, na usukani wake ulikuwa waya mrefu uliofika kifuani ili aliendeshe akiwa anatembea. Binti yangu alichuchumaa kando yake kwa muda mrefu, kisha akamuuliza gari hilo linaitwa nani na filamu yake ni ipi. Binamu yake alimjibu kwamba bado hajaamua. Najua kuwa huko nyumbani nako mabegi ya shule yenye picha za katuni hizohizo yametundikwa madukani, lakini pia kuna Ubongo Kids, inayotengenezwa Dar es Salaam na kuonyeshwa tangu 2014, ambayo inawafundisha watoto hisabati kwa Kiswahili.

Ninachokitaka kwa watunga sheria wa hapa ni kwamba pale mtengenezaji wa midoli anapokuwa ndiye mwenye hadithi, filamu ya watoto wadogo ipimwe kwa kipimo kilekile cha tangazo la nusu dakika, na mzazi aambiwe hivyo waziwazi kabla hajakata tiketi.