Nimeshachangiwa Msiba na Ada Bado Nadaiwa

Kabla hujaendelea kusoma naomba ujue mimi niko hai. Nasema hivyo maana kule kwetu Nguruka kuna watu mpaka leo wakinisalimia wananishika mkono halafu hawauachii, wanauminyaminya kwanza kama mtu anayechagua embe sokoni, wakiridhika ndio wanaitikia marahaba.

Sasa iko hivi. Nilikuwa mwaka wa tatu kwenye chuo kimoja hapa Tabora, na chuoni alikuwepo dokta mmoja amesoma Marekani akarudi na kitu anakiita onazi. Yani wale wenye GPA ya kuanzia 4.4, daraja la kwanza, mnatengwa mnakuwa na darasa lenu dogo, mnasoma vitabu ambavyo haviko kwenye mtihani, mnabishana mezani na dokta yuko katikati yenu, mwisho kila mtu anaandika utafiti wake. Wiki haiishi hajatukumbusha kwamba kule Marekani chuo cha Swarthmore kilianza mambo haya mwaka 1922, mkuu wa chuo alikuwa Frank Aydelotte, alisoma Oxford akaona wanafunzi wanafundishwa wachache wachache wanabanwa maswali mpaka wanaelewa, akaondoka nayo. Sisi tunaitikia ndio dokta huku matumbo yanaunguruma, bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo, halijatoka na kwenye vimbweta watu wanasoma desa kwa nguvu ya mihogo ya kuchoma tu.

Darasa la onazi lilikuwa Ijumaa mchana, na sheria ya dokta simu zote zinazimwa zinaingia kwenye kapu mlangoni, hugusi mpaka saa kumi na moja jioni. Hilo kapu likumbuke, lina kazi yake mbele.

Sharti lingine kila mwana onazi awe na kazi ya kujitolea chuoni, mimi nikaangukia kwenye jarida la wanafunzi. Jarida ni jina tu, zilikuwa karatasi mbili za A4 zimekunjwa katikati. Lakini dokta alilichukulia serious balaa, akatupigia lekcha kwamba Harvard wanafunzi wana gazeti lao tangu 1873, na pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kulikuwa na jarida la wanafunzi linaitwa Cheche, lilianza 1969 na 1970 serikali ikalifungia, sasa na nyinyi andikeni kama watu. Tukaandika kama watu. Toleo la kwanza tukaweka habari ya maji kukatika hosteli na habari ya tembe la Kwihara alikokaa Livingstone 1872, nakala nyingi nikaja kuziona kwa mama anayeuza karanga getini, Livingstone amefungiwa karanga za mia mbili.

Toleo la pili dokta akasema ukurasa wa mbele wawekwe wana onazi wanaomaliza ili wadogo wapate hamasa. Kila mtu picha yake, chini jina, mwaka alioingia na mwaka anaomaliza, halafu GPA. Picha yangu ikaenda juu kabisa tena kubwa, siyo kwamba mimi ndiye kipanga kuliko wote hapana, ni kwamba yangu ndiyo ilikuwa inaonekana vizuri, ile pasipoti niliyopigia maombi ya mkopo, nyuma bluu, mimi nimekaza sura huruma tupu ili bodi waguswe. (Hawakuguswa sana, walinipa nusu.)

Kazi ya kupanga kurasa tulikuwa tunampa bro mmoja wa steshenari, mtu mwema sana, anakukopesha hata kutoa kopi. Alhamisi tumefika pale umeme ukakatika. Akasema mdogo wangu niachie flashi, umeme ukirudi usiku nakupangia, kesho unakuta tayari. Umeme ukarudi usiku kweli na jamaa akafanya kazi kweli. Tatizo ni kwamba mchana ule alikuwa ametoka kutengeneza ratiba ya mazishi ya mzee mmoja wa Isevya, faili bado liko wazi kwenye kompyuta, akaliangalia akaona mbona hii fremu ni nzuri, kwanini nianze upya.

Kesho yake nafika nakuta nakala zote 200 zimeshatolewa na wenzangu wameshazibeba kwenda kuzigawa, imebaki moja mezani. Nikaishika. Waridi jeupe pembe zote nne. Mishumaa miwili inawaka, mmoja kulia mmoja kushoto, katikati mimi na ile sura yangu ya kuomba mkopo. Jina langu kamili kwa yale maandishi ya kupinda pinda. Chini yake 2021 – 2024. Chini yake 4.6. Halafu mstari wa mwisho kabisa, MWENDO NIMEUMALIZA, IMANI NIMEILINDA.

Nikamuangalia bro. Bro akaniangalia anatabasamu, akasema "Imependeza eeh? Maua sijakuchaji."

Sikupata hata muda wa kulia, saa nane kasoro, na kwa dokta ukichelewa unasimama. Nikakimbia nikazima simu nikatupia kwenye kapu. Siku hiyo tulibishana masaa matatu kama binadamu ana hiari au kila kitu kimeshapangwa, kichwani mimi nawaza yale maua.

Kumbe huku nje kuna dogo wa mwaka wa kwanza anatokea kwetu Nguruka, kaona kijana wa nyumbani yuko ukurasa wa mbele, akafurahi, akapiga picha pale juu peke yake akaiweka status, hakuandika neno hata moja, kaweka vile viganja viwili tu. Yeye alimaanisha hongera. Shangazi yangu alivyoiona akamaanisha kitu kingine.

Ukoo wetu una grupu la WhatsApp, na historia ya hilo grupu lazima niieleze. Lilifunguliwa nilipochaguliwa chuo ili nichangiwe ile nusu ya ada ambayo bodi hawakutoa. Kwa miaka yote mitatu ilipatikana shilingi 35,000, na humo elfu tano niliitoa mimi mwenyewe ili watu waone kuna mtu ameanza. Zilizobaki ni ahadi, dua, na picha za asubuhi njema zenye kikombe cha chai.

Basi nimetoka darasani saa kumi na moja nawasha simu, simu ikatetemeka mpaka ikanidondoka. Nikaanza kusoma kuanzia juu. Shangazi kaweka ile picha, kaandika JAMANI MTOTO WETU. Baba mdogo kasema ngoja nimpigie. Kapiga, haipatikani. Kapiga tena, haipatikani. Akaandika "Ni kweli, nimethibitisha."

Mmoja akauliza hiyo 4.6 ni nini. Binamu yangu anayeendesha bodaboda akasema itakuwa presha. Dada yetu ambaye ni nesi akamkatalia, akasema presha haiandikwi hivyo, hiyo ni sukari, na sukari ya 4.6 ni ya mtu mzima wa afya, mtu hafi kwa 4.6. Grupu likakaa kimya kidogo, halafu mjomba akaandika, "Basi hapo kuna mkono wa mtu." Kuanzia hapo wakaanza kumtafuta mchawi, na wala sikushangaa kuona mama mwenye nyumba wangu wa Ng'ambo anatajwa, maana nilishalalamika kwao kuhusu bili ya umeme.

Halafu michango ikaanza. Aisee. Orodha ikawekwa, baba mdogo 50,000 na tiki, kaka wa Mpanda 100,000 na tiki, watu ambao nilijua hawana hata bando wametuma na muamala wameuscreenshoti wamebandika. Hadi saa tisa alasiri imefika 640,000. Kuna mzee mmoja kwenye ada aliniambia hali ni ngumu mwanangu mvua hazijanyesha, kwenye msiba katoa mbuzi. Nilikaa kwenye kimbweta nikasoma ile orodha kuanzia juu mpaka chini halafu nikairudia, na nikiri kuna dakika nilitamani nisiwakatishe mpaka ifike milioni.

Nikaandika, "Jamani mimi niko hai, ile ni gazeti la chuo." Kimya. Watu wawili wakaleft hapo hapo. Mmoja akaandika, "Wewe uliyeiba simu ya marehemu, mwogope Mungu." Kisha baba mdogo akanitoa kwenye grupu.

Nikampigia, akakata. Nikapiga tena, akapokea bila kusema kitu, nasikia anahema tu.

"Shikamoo baba mdogo, ni mimi."

"Wewe nani?"

"Mimi baba, sijafa."

"Kama ni wewe, niambie mwaka juzi nilikuazima nini."

"Baiskeli."

"Ikarudi?"

"Haikurudi, iliibiwa stendi."

Akashusha pumzi, akasema "Ni yeye. Baiskeli yangu mpaka leo anasema iliibiwa."

Mama ndiye alikuwa wa mwisho kuambiwa maana alikuwa shambani. Akanipigia kwa simu ya jirani, sauti ya kawaida kabisa. "Wanasema umekufa." Nikamwambia sijafa mama. Akasema "Nilijua, ungekufa ningejua mimi kabla ya grupu. Umekula?"

Nikadhani yameisha, ndio baba mdogo anakumbuka kwamba shangazi ameshapanda treni. Siku hiyo treni ya kutoka Kigoma ilikuwepo, mama wa watu kajibebea akaingia, na simu kaizima kulinda chaji ya msibani. Unajua Livingstone naye huko kwao walishaanza kudhani amekufa, mpaka Stanley akaja akamkuta Ujiji mwaka 1871. Stanley wangu mimi alikuwa anatokea upande huo huo wa Kigoma, kajifunga kanga mbili, ana gunia la unga, dumu la mawese na furushi la migebuka mikavu.

Nikamsubiri stesheni hapa Tabora usiku ule, treni ikaingia watu wamesinzia, wauza chai wanapiga kelele. Kashuka, kageuka, kaniona nimesimama chini ya taa. Nilitegemea atapiga yowe. Hakupiga. Alikaa taratibu juu ya gunia lake akasema kwa sauti ya chini, "Baba, kama umekuja kunichukua na mimi, naomba unisubiri nimalize kwanza mkopo wa vikoba."

Nikamwambia shangazi nishike. Akanishika. Akaniminya. Alivyohakikisha ni nyama na mifupa akanizaba kofi moja hadi muuza chai akanionea huruma, ndio akaanza kulia. Na kurudi alikataa, kwamba ametoka nyumbani kaaga anaenda matangani na matanga lazima akae. Akakaa wiki nzima geto kwangu, anapika migebuka ya mawese, anapokea rambirambi kwa majirani ambao nao hawakuelewa nani kafa ila harufu ilikuwa nzuri wakawa wanakuja kila jioni.

Baba mdogo aliandika barua chuoni, kurasa tatu kwa mkono, na jarida likasimamishwa. Kwahiyo Cheche lilifungiwa na serikali, letu likafungiwa na ukoo. Dokta alisikitika ila akasema kwa uchache limesomwa.

Likizo nikaenda Nguruka, kikao cha ukoo kikaitishwa kuhusu ile 640,000. Kaka wa Mpanda alitaka chake arudishiwe, wazee wakamruka, hela ya msiba ukiirudisha unaukaribisha kwako. Yule mzee wa mbuzi akasema mbuzi ameshaliwa. Ikaamuliwa zikae zilivyo kwa mjomba mtunza hazina, kwenye daftari zimeandikwa jina langu na neno MSIBA, siku yangu ikifika hatasumbuliwa mtu.

Mitihani ya mwisho ilikuwa inakaribia na bila kumaliza ada hupewi namba ya mtihani, nikamfuata mjomba usiku kwa adabu zote, nikamwomba anikopeshe laki mbili tu humo humo, bumu likitoka narudisha. Akavaa miwani, akafungua daftari, akafuata mstari kwa kidole mpaka kwenye jina langu.

"Hii ni ya marehemu," akasema. "Haikopeshwi mpaka ndugu zake wakae."

Nikamwambia mjomba, marehemu mwenyewe si ndio mimi, na mimi nimeridhia.

Akafunga daftari. "Marehemu hana sauti kwenye kikao."