Mtungi wa gesi ni hatari, sawa, ila risk yake ni kiasi gani?

Mama yangu tulimnunulia mtungi wa gesi, ule mdogo wa kilo 6, na jiko la plate mbili, na mpaka leo mtungi umekaa kwenye kona umefunikwa kanga. Ukimuuliza anakwambia "gesi ni hatari mwanangu, mi siiwezi". Sasa mvua ikinyesha anaingiza jiko la mkaa ndani, anafunga dirisha maji yasiingie, afu anachemsha maharage masaa mawili humo humo. Na hilo hakuna mtu ameshawahi kumwambia ni hatari, kazaliwa amelikuta, bibi alipikia hilo hilo.

Mi kazi yangu ni kutafsiri makaratasi ya usalama kazini, yale ya mafunzo ya viwandani na kwenye karakana, na hili jambo la mama ndo lilinifanya niache kuandika hatari kila mahali. Maana kwenye Kiingereza aya moja tu unaweza kukutana na "hazard", "danger" na "risk", na kila moja imekaa pale kwa sababu yake, mi huku nina neno moja nalipiga kotekote. Mwisho fundi anasoma karatasi nzima ina hatari kumi na mbili na hajui aanze kuogopa ipi.

Tubaki hapo hapo jikoni kwa mama. Gesi iliyo ndani ya mtungi ni hazard, yaani kitu chenye uwezo wa kudhuru, na inabaki hivyo hata kama nyumba imefungwa na watu wamesafiri. Danger ni ule wakati umeshaingia ndani yake: usiku unasikia harufu ya gesi na kuna mtu ananyoosha mkono kuwasha taa (usiwashe kabisa, hata kuzima usizime, fungua mlango na madirisha, na kwa sababu gesi hii ni nzito kuliko hewa inatambaa chini sakafuni, kwa hiyo mlango unasaidia kuliko kidirisha cha juu). Risk sasa ni kitu kingine, wala huwezi kuishika. Risk ni uwezekano wa hayo madhara kutokea na yakitokea yatakuwa makubwa kiasi gani, na hiyo inategemea mnaishije na huo mtungi. Mtungi ni ule ule, gesi ni ile ile, lakini mpira uliochakaa na chumba kisicho na hewa vinapandisha risk, na povu la sabuni ukipaka kwenye maungio kila ukibadilisha mtungi ukaangalia kama linatoa mapovu, linaishusha. Hazard haijapungua hata chembe.

Na mkaa je? Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, unasinzia nayo huamki. Gesi ya mtungi wenyewe waliitia harufu makusudi ili ikivuja tujue. Kwa hiyo kile mama anachokiita hatari kinapiga kelele kabla ya kudhuru, na kile anachokiamini kinaua kimya, kwenye chumba kilichofungwa. Hilo linaniumiza sana, kwa sababu watu wanapotea kwa jiko la mkaa chumbani msimu wa baridi na majirani wanasema ni siku yake ilifika.

Wazungu wenyewe wanachanganya pia, tusidhani ni sisi tu. Oktoba 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, lile la Lyon Ufaransa, liliweka soseji na nyama nyingine za kusindikwa kwenye kundi moja na sigara. Magazeti yakapokea kwamba soseji ni hatari sawa na sigara. Hapana! Lile kundi linasema ushahidi kwamba kitu kinasababisha saratani ni wa uhakika kiasi gani, halisemi kinasababisha kwa wingi gani. Hiyo ni hazard. Risk ilikuwa kwenye sentensi nyingine: gramu 50 kila siku zinaongeza uwezekano wa saratani ya utumbo mpana kwa kama asilimia 18. Na hiyo 18 nayo inatisha mpaka uulize 18 ya ngapi, maana kama watu 5 kati ya 100 wangeugua, wanakuwa karibu 6. Sio kitu cha kupuuza lakini sigara haipo hapo kabisa.

Hatari yetu ni ya Kiarabu, na ni neno la kusimamisha mtu, ndo maana limeandikwa kwenye transfoma na fuvu juu yake, na pale limekaa sawa kabisa, hatutaki mtu apige hesabu kwenye transfoma. Risk lina historia tofauti, lilikuja kwa Waingereza kwenye miaka ya 1600 kutoka Ufaransa na Italia, likiwa limezoeana na wafanyabiashara wa baharini na bima za meli. Mtu ana mzigo, bahari inaweza kuumeza, anakaa chini na kujiuliza je nikiutuma. Kwa hiyo ndani ya risk kuna faida unayoifuata, na kuna hesabu. Frank Knight, mchumi wa Marekani, mwaka 1921 alikwenda mbali zaidi akasema risk ni pale unapoweza kukadiria uwezekano, usipoweza kukadiria hiyo sio risk tena, ni kutojua tu.

Mtaani tumeshalielewa hilo muda mrefu. Mtu akiuza kiwanja aende nje anasema "nimejilipua", kijana akiacha kazi afungue duka anasema "nimerisk", hakuna anayesema nimehatari. Ofisini ndo kuna shida, wahasibu wanasema usimamizi wa vihatarishi wakimaanisha risk, watu wa usalama kazini wanasema vihatarishi wakimaanisha hazard, na wote wanakaa mkutano mmoja wanaitikiana. Mimi nimeamua, kihatarishi kwangu ni kile kitu chenyewe, risk naandika riski, na wahariri wakikata narudisha. Riski inatamkika, bibi yeyote sokoni anaielewa.

Wiki iliyopita nilimpigia mama, sikumwambia gesi sio hatari kwa sababu ningekuwa namdanganya. Nilimwambia nini kinaifanya ivuje na nini kinazuia, tukaongea pia habari ya dirisha na mkaa. Alikaa kimya kidogo, nikasikia kanga inavutwa, afu akaniuliza, "Na huu mpira mwanangu, unatakiwa ubadilishwe baada ya muda gani?"