Waliombeba Mzungu Hadi Kwao

Kila msiba unapotupata sisi Watanzania huku Uingereza, swali huwa ni lile lile. Wenzangu katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi huniuliza: "Kwa nini mnachanga maelfu ya pauni kumrudisha mtu ambaye ameshakufa? Si azikwe hapa hapa?" Wanauliza kwa upole, hawana ubaya. Miaka ya mwanzo sikuwa na jibu zaidi ya kusema ndiyo mila yetu. Sasa ninalo, na nililikuta sakafuni mwa kanisa lao, Westminster Abbey jijini London.

Katikati ya kanisa hilo pana jiwe la kaburi la David Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi. Maandishi yake yanaanza hivi, nikiyaweka kwa Kiswahili: "Aliyeletwa na mikono ya uaminifu kupitia nchi kavu na bahari." Niliyasoma mara tatu. Mikono ya nani? Jiwe limetaja siku aliyozaliwa, siku aliyofariki, mpaka jina la Chitambo, mwenye kijiji alikofia. Wenye mikono hawamo.

Mimi ni mtoto wa Tabora. Shuleni tulipelekwa Kwihara kuliona tembe la Livingstone, tukarudi na vumbi hadi kwenye kope. Darasani tulikariri kwa ajili ya mtihani: wapelelezi, wamisionari, wafanyabiashara. Hakuna aliyetuambia kilichotokea Unyanyembe, nyumbani kwetu, mwezi wa Oktoba 1873.

Livingstone alifariki tarehe 1 Mei mwaka huo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, wangeweza kumzika na kwenda zao, na nani angewalaumu? Badala yake walitoa moyo na matumbo, wakavizika chini ya mti. Jacob Wainwright akasoma sala, akachonga jina kwenye shina. Mwili wakautia chumvi, wakauanika juani kama wiki mbili, wakauviringisha kwa bafta na kuuingiza ndani ya gome la mti, kisha wakaushonea turubai kwa nje. Wakauinua. Safari ya kwenda Bagamoyo ilikuwa zaidi ya kilomita 1,500, kwa miguu, wanawake wakiwemo, njaa na maradhi njiani.

Unyanyembe wakamkuta Luteni Verney Lovett Cameron, aliyetumwa kutoka Uingereza kumsaidia Livingstone. Yeye akashauri maiti izikwe pale pale. Wakakataa. Hebu tulia hapo kidogo, ndugu msomaji. Ofisa wa jeshi la majini anasema Mwingereza mwenzake azikwe njiani. Wapagazi wanasema hapana, huyu anarudi kwao. Nikifika hapo ninaposimulia, sauti hunikauka.

Mbele ya Tabora wenyeji hawakutaka maiti ipite katika nchi yao. Basi wakatengeneza furushi la uongo, wakatuma watu wachache walirudishe nyuma kana kwamba wanakwenda kuzika, na mwili wenyewe wakaufunga ukafanana na mtumba wa nguo. Aliyewahi kushughulikia karatasi za kusafirisha marehemu, vibali, cheti cha kifo, jeneza, nafasi ya mzigo kwenye ndege, atajua uchovu wao, ingawa wetu ni mdogo mno mbele ya ule.

Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Wakalipwa mshahara wao, wakaambiwa basi. Tarehe 18 Aprili, siku ya mazishi huku Westminster Abbey, Wainwright ndiye pekee kati yao aliyekuwepo kushika jeneza. Susi na Chuma waliletwa baadaye mwaka huo kwa gharama ya rafiki wa marehemu, wakasaidia kufafanua shajara zake. Royal Geographical Society, chama cha jiografia cha Uingereza, ilitengeneza medali kwa ajili ya msafara, lakini zilipofika Zanzibar wengi walikuwa wameshatawanyika.

Lazima niseme haki. Hawa Waingereza wanatunza kumbukumbu kuliko sisi. Mwili ulipofika London walimtambua kwa mfupa wa mkono wa kushoto, ule uliovunjwa na simba miaka karibu 30 kabla, kwa sababu kulikuwa na watu wanaokumbuka na kuandika. Majina ya Susi na Chuma mimi nimeyajua huku, kwenye maktaba ya mtaa, si Tabora. Hilo linaniuma. Sisi Wanyamwezi ndio tuliosifika kwa upagazi, njia za misafara zimepita milangoni mwetu, na watoto wetu bado wanaulizwa kwenye mtihani mzungu gani aliona ziwa gani. Huku wametunza karatasi wakasahau majina kwenye jiwe. Nyumbani tumetunza mila ya kumrudisha mtu kwao, tukasahau waliotuonyesha uzito wake.

Msimu wa baridi uliopita tulimpoteza kijana wetu mmoja. Tukakusanyika ukumbini kuhesabu michango. Mama mmoja wa Kiingereza ninayefanya naye zamu ya usiku alikuja na bahasha, akakaa viti vya nyuma. Baada ya sala nikamsogelea, nikamweleza habari za Unyanyembe. Akaniomba nimtajie majina taratibu, akayaandika nyuma ya kadi ya msiba: Susi, Chuma, Wainwright, na Halima, mpishi.