Msimwambie Kambili Aseme

Kitabu changu, riwaya ya Purple Hibiscus, kimerudi jana, baada ya kukaa kwa rafiki karibu miezi minne. Kimerudi na maandishi ya penseli pembeni mwa kurasa. "Sema!" Kurasa chache mbele, "Sema basi!" Kule Nsukka, mji wa Nigeria, Amaka anapomuuliza binamu yake Kambili, binti anayeisimulia hadithi, kwa nini kila mara ananong'ona, penseli imekandamizwa mpaka karatasi imekwaruzika: "Hata mimi nauliza." Na ukurasa wa mwisho umebeba hukumu: "Mwandishi hodari. Huyu mtoto amenichosha."

Nimeshindwa kulinyamazia.

Purple Hibiscus ya Chimamanda Ngozi Adichie ilitoka mwaka 2003, ikachukua tuzo ya Jumuiya ya Madola ya kitabu cha kwanza mwaka 2005, na hadi leo wasomaji wanaigombania. Wapo wanaosema imeutukana Ukatoliki. Wapo wanaosema hakuna baba wa namna ya Eugene, baba yake Kambili, mtu anayelipia watoto wa wenzake ada na kutoa gazeti la kuikosoa serikali ya kijeshi ya Nigeria, kisha anarudi nyumbani kuwamwagia wanawe maji ya moto miguuni kwa sababu walilala nyumba moja na babu yao "mpagani". Wapo waliouchukia mwisho. Hayo nayavumilia. Kinachonichoma ni hii lawama ya kwamba binti ni bubu, ni mnyonge, na kwa hiyo riwaya imepwaya.

Kambili ana miaka 15. Siku anayougua tumbo la hedhi, mama yake anampa chakula kidogo ili ameze Panadol, na zimebaki dakika kumi waende Misa. Baba anaingia, anaona mfungo wa komunyo umevunjwa, anavua mkanda na kuwachapa wote watatu: mama, kaka aliyejaribu kujitwika lawama, na binti. Halafu anawakumbatia na kuwauliza kama mkanda umewaumiza, kama umewachubua ngozi. Sasa niambie, hapo mtoto aseme nini? Aliyempiga ndiye anayembembeleza. Anayembembeleza ndiye anayemfundisha Mungu yukoje. Hana pembe ya nyumba ambako sauti ya baba inaishia na ya Mungu inaanzia.

Nitasema jambo ambalo sijawahi kuliandika. Baba yangu hakutupiga hata siku moja. Lakini makosa yetu aliyapeleka kwa Mungu mezani, kabla ya kula, sote tumefumba macho. "Baba wa mbinguni, mtazame mwanao huyu aliyesema uongo juu ya hela ya daftari." Yangekuwa maongezi ningejitetea, maana hela ile ilinidondoka kweli, nikaitafuta njia nzima huku nalia. Ila sala haikatizwi. Anayeikatiza hajamkatiza baba, amemkatiza Mungu. Basi alipomaliza nikaitikia "Amina" pamoja na wengine. Niliitikia amina juu ya uongo wangu mwenyewe ambao sikuusema, na kwa muda mrefu baada ya hapo niliamini labda niliusema, kwa kuwa Mungu alikwisha kuambiwa.

Kwa hiyo niliposoma kwamba Eugene hukibariki chakula kwa dakika 20 nzima, sikuziona kama chumvi ya mwandishi. Nilihisi shingo yangu inaanza kuuma kwa kuinama.

Na Kambili hakai kimya kwa kuwa hana la kusema. Soma tena, taratibu. Kila kaka yake Jaja au mama yao anapotamka neno la kumpendeza baba, yeye anaumia kwamba hakulitamka yeye. Kichwani mwake maneno yamejaa. Anahesabu, anapima, anachagua, na anapofika kwenye kulitoa, koo linaziba. Anampenda baba yake kupita kiasi, na upendo huo ndio uliomfunga mdomo, kwa sababu neno moja likikosewa anakuwa amempoteza baba na mbingu kwa pamoja. Kuna wakati Ade Coker, mhariri wa gazeti la Eugene, anachekeshwa na ukimya wa watoto hawa, anasema gazeti lingekuwaje kama sote tungekuwa kimya. Eugene hacheki. Kambili na Jaja pia hawacheki. Mtu anayechapa ukweli wa nchi nzima amelea nyumba ambayo mama, kila baada ya kupigwa chumbani, anashuka kufuta vumbi kwenye visanamu vya wacheza baleti, kimya kimya, kimoja baada ya kingine.

Tena mwandishi alimwona mapema huyu msomaji wa penseli. Amemweka ndani ya hadithi. Shuleni wenzake Kambili wanamwona anaringa, kwa sababu haongei nao na kengele ikilia anatimua mbio kuelekea garini. Hawajui kwamba dereva anasubiri na baba anahesabu dakika. Amaka naye mwanzoni anamdharau hivyo hivyo, siku baada ya siku. Baadaye Kambili anaishia hospitalini, nusura afe, kwa kuwa alikataa kuachia vipande vya picha ya babu yao iliyochanwa. Tazama hapo. Binti anayeambiwa hana nguvu amelala sakafuni juu ya vipande vya karatasi, baba yake anampiga mateke, na haviachii. Pembeni mwa ukurasa ule rafiki yangu hakuandika kitu.

Kuhusu kuitukana dini, nitasema kidogo tu. Nyumba ya shangazi Ifeoma, mama yake Amaka, ni ya Wakatoliki pia; wanasali rozari, wanaimba Kiigbo katikati ya sala, na wanacheka. Papa-Nnukwu, yule babu, mzee ambaye hata kubatizwa hakubatizwa, anaamka alfajiri kuiombea familia yake, na anamwombea heri hata yule mwana aliyemkataza kukanyaga nyumbani kwake. Kambili anasimama mlangoni anasikiliza. Kama hiyo ni vita dhidi ya imani, mimi sijui imani ni nini. Na huo mkono wa Eugene wenye birika nao una historia: alipokuwa mvulana, padri aliyeishi naye alimlovya mikono kwenye maji ya moto kwa dhambi ya mwili wake. Anasimulia hilo kama fadhila aliyotendewa.

Nakubali kwamba padri Amadi ananipa shida. Padri kijana, binti wa miaka 15, na riwaya inayapita yale mapenzi kwa ulaini mwingi mno. Wanaolalamika hapo siwezi kuwapinga, ingawa ningependa. Kuhusu sumu ambayo mama anamtilia Eugene kwenye chai, wanaosema imekuja ghafla warudi mahali mama anaposema ile meza ndogo ya Biblia ilivunjikia wapi. Ilivunjikia tumboni mwake, akiwa na mimba.

Kuna sehemu moja kule Nsukka ninayoirudia kila mwaka. Kambili anacheka, na sauti inamshangaza, kwa sababu hana hakika kama amewahi kujisikia akicheka. Miaka 15! Msomaji aliyefika hapo akiwa bado anamdai hotuba, sijui alikuwa anasoma nini.

Na mwisho, baba amekufa, kaka yuko gerezani kwa kosa la mama alilojitwika, Kambili kila Jumapili anatoa nia ya Misa kwa ajili ya roho ya Eugene. Anatamani kumwota. Rafiki yangu ameandika pale: "Kwa nini?" Nimeliacha neno hilo kama lilivyo. Nimefuta yale mengine yote kwa ufutio, ukurasa kwa ukurasa, na "Sema!" ya kwanza imeacha alama ambayo haitoki. Baba yangu bado anasali kabla ya chakula. Nikienda kumtembelea, mimi ndiye wa kwanza kufumba macho.